Wapagazi wa Swali la Tisa

Tabora,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mke wangu Zaina,

Barua hii isome peke yako kwanza, ukiwa umekaa, kabla hujamsomea Mama. Yeye msomee salamu tu: mwambie mwanawe anampa shikamoo, ni mzima, anakula vizuri, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Hayo yote ni kweli, sikumtungia. Na ninyi huko Maneromango hamjambo? Uvimbe wa mguu wa Mama umepungua? Mwajuma bado anakataa uji mpaka aimbiwe? Nawawaza kila siku, na leo zaidi, kwa sababu nimefanya jambo linalokuhusu bila ya kukuuliza.

Mtihani nimeufanya. Najua hilo ndilo neno unalolitafuta katika karatasi hii, basi nalitanguliza. Kutoka ofisi yetu tulikuwa wawili tu, mimi na Maganga. Nafasi ya karani wa daraja la pili ilikuwa moja, na ile nyumba niliyokuandikia, yenye vyumba viwili na jiko la nje, inakwenda na nafasi hiyo. Bila nyumba, wewe na mtoto hamwezi kuja, maana chumba changu cha Ipuli nikinyoosha miguu nagusa mlango.

Huyo Maganga ni Mnyamwezi wa Bukene. Meza yake na yangu zinatazamana. Siku ya kwanza nilipofika, aliposikia nimetoka Uzaramo, alinyanyuka, akaichukua kofia yangu msumarini, akaivaa na kwenda nayo kwake. Sikumwuliza kitu, ni mtani. Wewe unayajua haya. Alipofariki Baba, yule Mnyamwezi wa shamba la mkonge aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, na hakuna aliyemkasirikia. Tulicheka huku tunalia. Babu zao walipita kwetu na mizigo ya pembe wakishuka pwani, wakanywa maji yetu, wakalala kwetu, na utani ukabaki. Hapa ndipo njia ile ilipotokea, na nimeukuta utani una nguvu kuliko hata huko nyumbani.

Tulisoma pamoja miezi mitatu, kila alasiri tukitoka kazini, barazani kwangu. Sehemu iliyotutoa jasho ni ile ya kupatanisha mtendaji na kitenzi chake. Utacheka ukiisikia. Kwetu kila kitu kinajitangaza: kiti kimevunjika, viti vimevunjika, hata Mwajuma hakosei. Kwa Kiingereza akitenda mtu mmoja, kitenzi kinatiwa herufi moja mkiani. Wakitenda wengi, kitenzi kinanyang'anywa ile herufi na jina ndilo linalotiwa. Na watunzi wa mitihani ni wajanja. Wanakuandikia sanduku la misumari, nawe macho yanakwenda kwenye misumari, unasahau kwamba lililoanguka ni sanduku.

Dawa aliipata Maganga. Kila kanuni aliigeuza tusi. Mzaramo mmoja analala juani. Wazaramo kumi wanalala juani. Kila mmoja wa Wazaramo hawa ni mvivu. Nami namrudishia kwa babu zake wapagazi na vichwa vyao vilivyokuwa bapa kwa mizigo, yote kwa Kiingereza, kila kitenzi na mkia wake, mpaka Mhindi wa duka la vitambaa, jirani yangu, akatoka kuuliza kama tumegombana. Ndivyo tulivyojifunza, Zaina. Kwa kitabu peke yake nisingefika popote.

Jumatatu asubuhi tukaingia chumbani. Msimamizi alikuwa Bwana mmoja wa Kiingereza aliyeletwa na treni kutoka Dar es Salaam, mgeni kabisa wa huku. Akatuambia mapema: atakayetamka neno moja, karatasi yake inachukuliwa na ofisi yake inaandikiwa. Tukasema tumeelewa. Maswali yalikuwa yale yale tuliyoyazoea, sentensi ishirini zenye nafasi tupu. La kwanza nikalijaza, la pili, mpaka la nane, na moyo ukaanza kutulia.

Swali la tisa lilikuwa hivi: kila mmoja wa wapagazi, halafu nafasi tupu, mzigo wake kichwani.

Wapagazi! Wewe husema siku zote kwamba mdomo wangu hauna mlango, nami hubisha. Sitabisha tena. Miezi mitatu nimezoea kurusha tusi kila nionapo sentensi ya namna ile, na kabla sijajua ninalofanya nilikwisha kunong'ona, "Mtani, babu zako wamefika mpaka humu."

Maganga hakuinua kichwa. Lakini ni mtani gani anayechokozwa akanyamaza? Akajibu polepole, "Wamekuja kumtafuta Mzaramo aliyelala badala ya kuwapa maji."

Niliposema mimi, msimamizi alikuwa amegeukia dirishani. Aliposema Maganga, alikuwa amegeuka. Alikuja kwa hatua tatu, akamwondolea karatasi mezani, akamwuliza alikuwa anampa nani majibu. Maganga akasimama, akamjibu, "Nilikuwa najisemea mwenyewe, Bwana." Hata jicho hakunitupia. Akachukua kalamu yake akatoka nje.

Nami nikainamisha kichwa, nikajaza jibu la swali la tisa. Kisha nikaendelea mpaka la ishirini. Hili ndilo linaloniumiza kukuandikia kuliko yote yanayofuata.

Jumanne nilikwenda kazini nikijua nitatukanwa ukoo mzima, na nilikuwa tayari. Maganga akaingia, akaniambia, "Habari za asubuhi, Bwana Salehe. Naomba wino." Bwana Salehe! Naomba! Miaka miwili mtu huyu amechukua wino wangu, chakula changu, hata mwavuli wangu, hajapata kuniambia naomba. Kutwa nzima alinisemesha kama mtu asemavyo na hakimu. Nilitamani anipige.

Jumatano karani mkuu akatuambia kwamba msimamizi anaandika barua kuwa Maganga aliiba mtihani, na ofisi haiweki karani mwizi. Maganga aliyasikia akiwa amesimama pale pale. Ana mke na watoto watatu Bukene. Akarudi mezani akaendelea kupanga mafaili. Chakula cha mchana nikampa Mhindi sahani nzima awape kuku wake.

Nilijihesabia haki kila namna, mke wangu, usidhani sikukukumbuka. Nilijiambia Maganga ni mwenyeji, atalima, ana ndugu. Nilijiambia wewe umengoja miaka miwili, na mtoto ananijua kwa picha tu. Lakini Alhamisi asubuhi miguu ikanipeleka kwa msimamizi, maana Ijumaa alikuwa anaondoka na treni. Nilimkuta anafunga makaratasi yake. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba aliyeanza kusema ni mimi, na kwamba hakuna jibu lililopita kati yetu, ni maneno tu.

"Maneno gani?"

Nikamwambia. Akakunja uso. "Unawatukana babu zake katikati ya mtihani? Huyu ni adui yako?"

"Hapana, Bwana. Ni mtani wangu."

Sikuwa na neno la Kiingereza la kumpa, basi nikamsimulia habari ya kaburi la Baba na yule kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na ukakaa siku tatu."

"Ndiyo, Bwana."

Nilidhani atanifokea. Hakunifokea. Aliitoa karatasi yangu, ambayo alikuwa amekwisha kuisahihisha, na nikaona kwa macho yangu kwamba nilikuwa nimefaulu. Akaipiga mstari mwekundu toka pembe mpaka pembe. Kazi yangu sikunyang'anywa, ila mtihani nitauona tena mwakani. Maganga akaitwa saa nane, akapewa maswali mengine, akayafanya peke yake, na Ijumaa kabla ya treni tukaambiwa amefaulu. Nafasi ni yake. Nyumba ni yake.

Jana mchana nilikuwa nimekaa barazani. Maganga akaja, hakupiga hodi, akaingia moja kwa moja ndani, akatoka na kikombe cha maji yangu ya mtungini. Akanywa yote. Akasema, "Wee Mzaramo mla nazi, mdomo kama mlango wa soko! Siku tatu nzima umekalia ulimi kama kuku wa mayai. Inuka. Leo mpagazi ni wewe."

Nikainuka. Nilibeba kitanda chake kichwani kutoka chumba chake mpaka ile nyumba, nyuma ya boma, mchana kweupe, yeye mbele mikono mitupu akiwapazia sauti watu wa madukani watoke waone Mzaramo anayefanya kazi. Wanawake walipiga vigelegele. Nilikuwa nacheka, Zaina, na kuna mahali nililia, lakini jasho lilikuwa jingi na hakuna aliyejua. Kitanda nilikiweka chumba cha ndani. Dirisha lake linatazama bomba.

Mpe shikamoo shangazi yangu aliyenilea, na mwambie asali ya huku nitamtumia nikipata mtu anayeshuka. Msalimie kaka Rajabu, na fundi cherehani aliyekushonea gauni la safari. Mwambie gauni ni zuri, kosa si lake. Mama mwambie tu kwamba mambo yamesogea mbele mwaka mmoja. Mwajuma mbusu.

Na sasa wewe. Mizigo uliyofunga ifungue. Kwako sitafuti maneno ya kujitetea, kwa sababu nilipokwenda kwa yule Bwana nilijua vizuri ni nani nitamwacha anangoja. Maganga nilimkosea, na utani umemzuia kunikasirikia. Wewe hujazuiwa na kitu, wewe ni mke wangu. Kasirika, nikaripie ukipenda ukurasa mzima, lakini uniandikie.

Mumeo,
Salehe