Gunzi Ulilonifunga Kidoleni

Mwanjelwa, Mbeya

Kaka Yoeli,

Shikamoo. Mguu wako umepata nafuu? Sisi hapa tu wazima, ila baridi imetukaba, na tangu nistaafu ualimu sitoki nyumbani kabla ya jua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mjukuu wetu Yustina amependa gitaa, ila ana mkono mdogo kama wangu, na utamfunga gunzi la mahindi kati ya vidole ili vitanuke, "kama nilivyokufanya wewe."

Kaka, uliyonifanya unayakumbuka? Ulinifunga kwa kamba ya mkonge asubuhi, ukanifungua ng'ombe waliporudi. Ukacheka: "Mkono wa panya huo, Anyelwisye! Lia, lakini usilitoe." Siku ya nne kidole cha pete kilivimba. Hakijanyooka tena. Watu wote nawaambia nilijikata kwa mundu, na wewe umeniacha niseme hivyo.

Nilipohamia huku nikaomba nafasi kwenye bendi. Kiongozi akanitazama mkono: "Mwalimu, hicho kidole kimelala?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikapewa manyanga. Miaka sita nilitikisa manyanga nyuma ya watu waliopiga gitaa vibaya kuliko mimi.

Sasa sikiliza, maana mkono mdogo si kilema. Yustina anawe kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Aanzie kwenye shingo ya gitaa karibu na tumbo lake, ambako vile vyuma vilivyokatiza shingo vimekaribiana, kidole kimoja kwa chuma kimoja. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, katikati, kisichungulie juu. Hapo kiganja hufunguka chenyewe. Akizoea, asogee chuma kimoja kuelekea kichwa cha gitaa. Wiki moja, chuma kimoja. Kidole kikiuma, aache mpaka kesho yake. Hayo niliyajua nimechelewa, na hakuna aliyenifundisha.

Nisalimie shemeji, na shangazi aliyenikanda mkono ule kwa maji ya chumvi bila kuuliza kitu.

Nyuma ya karatasi hii nimechora mkono wangu wa kushoto, kalamu ikizunguka kila kidole. Uutazame vizuri. Utakaponijibu, Yustina aweke wake kwenye karatasi auchore mwenyewe. Nitahesabu vidole vilivyonyooka. Visipotimia vitano, usiniandikie tena.

Ni mimi mdogo wako,
Anyelwisye? Hapana, jina hilo uliniita ukinicheka. Ni mimi, Mwalimu Eliya.