Dakika Tano za Kukunja Karatasi

Jumatatu, 6 Mei

Kikao cha asubuhi. Mwalimu mkuu kaja na jambo jipya tena! Sisi watatu tunaofundisha hisabati Darasa la Tano — mimi Tano A, Kinda Tano B, Mama Pacha Tano C — tutaandaa somo moja kwa pamoja. Mmoja atalifundisha darasani kwake, wengine watakaa katikati ya watoto na kutazama. Si kumtazama mwalimu, kasema, ni kuwatazama watoto: nani anakwama, wapi, kwa nini. Halafu tunalirekebisha, na mwingine analifundisha kwenye mkondo wake.

Nikasema, miaka ishirini na sita nafundisha, leo nije kukaliwa darasani kama mwanachuo? Mama Pacha akacheka: basi anza wewe, utuonyeshe. Nikasema naanza, kwani nini! Mdomo huu utaniponza siku moja.

Kinda aliandika kila neno. Jina hilo tulimpa sisi ofisini. Ni binti, mwalimu mpya, hajatimiza mwaka. Bado yuko kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu ataandika ripoti yake, abaki au aende.

Jumatano, 8 Mei

Tumekalia andalio moja la somo saa mbili nzima. Saa mbili! Mimi andalio huliandika huku chai inachemka.

Somo: theluthi na robo, ipi kubwa? Kila mwaka watoto hujibu robo, kwa sababu nne inaizidi tatu. Mimi huwapa kanuni, wanakariri, yamekwisha. Kinda akasema, kwa sauti ndogo, tusiwape kanuni. Tuwape vipande vya karatasi vinavyolingana, wakunje wenyewe, wapime, wabishane. Wakosee kwanza.

Ebo! Wakosee mbele ya wageni?

Lakini hapa ni kwangu, acha niseme kweli: niliona raha. Watu wazima kubishana juu ya kipande cha karatasi! Mama Pacha alikunja theluthi yake mara tatu, ikakataa mara tatu, akaisingizia karatasi. Mwisho tukapanga muda. Kukunja, dakika tano. Hizo dakika tano nilizitaja mimi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefanya jambo. Sijui niliite nini.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha michezo. Nikawazuia wangu ndani. Nikagawa karatasi, tukakunja theluthi mpaka kila mtoto akaweza. Kipindi karibu chote kikaishia hapo. Halafu nikaanza kupanga watu. Wewe wa dirishani, kesho sema robo ni kubwa. Wewe wa mbele, mbishie. Halafu wewe wa dirishani, pima, shtuka, sema "kumbe!" Walifurahi kweli. Huyo wa dirishani alishtuka sana hadi ikabidi nimwambie apunguze.

Sasa, mtu akitarajia wageni, si anafagia? Nimefagia tu.

Ijumaa, 10 Mei

Somo limetia fora! Kukunja: dakika tano, si zaidi. Mtoto wa dirishani akakosea, akabishiwa, akapima, akashtuka — safari hii kwa kiasi. Mama Pacha kaandika kwenye daftari lake: "Amejisahihisha mwenyewe bila kuambiwa." Kalipigia mistari miwili.

Kinda alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema, mwalimu, sijawahi kuona kitu kama hiki. Machozi yamemlengalenga. Nikatazama dirishani.

Mwalimu mkuu kasema andalio halihitaji kubadilishwa hata neno. Jumanne Kinda alifundishe hivyohivyo, Tano B. Nikasema labda tuongeze muda wa kukunja, kidogo tu. Wapi! Kanijibu, usiwe mnyenyekevu, mwalimu. Mimi, mnyenyekevu!

Jumapili, 12 Mei

Nimemweleza baba watoto. Alikuwa sebuleni anatengeneza saa za watu, kile kioo chake cha ufundi kabana jichoni. Alicheka hadi skrubu ikamdondoka. Kisha akauliza, sasa huyo binti atafanyaje Jumanne?

Nikainama sakafuni. Tulitafuta skrubu nusu saa, tukaipata ndani ya kiatu.

Jumanne, 14 Mei

Vibaya. Vibaya sana.

Kinda hakukosea popote. Nilikuwa na andalio mkononi, nafuata kwa kidole. Alilifuata neno kwa neno. Lakini dakika kumi na nane nzima watoto wanakunja tu. Mtoto niliyekaa naye, mwenye daftari lisilo na jalada, kila akikunja anapata vipande vinne. Ni haki yake. Kukunja nusu halafu nusu tena ni rahisi. Theluthi haina njia hiyo. Akaniangalia nimsaidie. Haturuhusiwi. Nilikalia mikono yangu.

Kengele ikalia kabla hawajapima chochote. Kinda kasimama na chaki mkononi.

Kikaoni mwalimu mkuu hakugomba. Kauliza tu, kwa upole: somo ni lilelile, umri wa watoto ni uleule, tofauti ni nini? Kinda akasema, tofauti ni mimi.

Pale pale nilikuwa na nafasi. Nikajitia natafuta kalamu chini ya meza.

Jumatano, 15 Mei

Kinda kanisubiri koridoni. Anasema hataki kungoja ripoti, anaandika barua ya kuacha mwenyewe. Kasema, mama, kama wewe na andalio lilelile umewafikisha wako kule, mimi kazi hii sina kipaji nayo. Hakulia. Alikuwa ameshalifikiria mpaka likatulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwambia asiandike kwanza. Basi, hilo tu! Mwanamke mzima na maneno yangu yote.

Baadaye nikaingia Tano A na swali jipya. Moja ya tano na moja ya sita, ipi kubwa? Wanatazamana. Mtoto wa dirishani akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, leo zamu ya nani kukosea?"

Nikawaambia wafungue vitabu, wasome chochote. Nikatoka nje, nikasimama kwenye bomba, nikanawa uso ambao haukuwa na vumbi. Nimeona aibu. Watoto arobaini, na nimewafundisha kwamba kukosea ni kazi ya kupangiwa.

Alhamisi, 16 Mei

Nimepata njia. Nimemwomba mwalimu mkuu anipe Tano B kesho, nifundishe mimi somo lilelile, bila kuwaandaa. Nikamwambia watoto wale Jumanne walikuwa wamechanganyikiwa tu, karatasi nyingine zilikatwa vibaya. Ukweli ni kwamba theluthi bado hawaiwezi, nilichungulia madaftari yao. Nitakwama vilevile. Wataona kwamba tatizo si Kinda. Binti ataiweka barua yake mkobani, na mimi sitalazimika kusema lolote. Mwalimu mkuu kakubali mara moja, kafurahi hata: mwalimu mzoefu anamwokoa mwenzake!

Nimemwambia baba watoto. Kasema hiyo ni safari ndefu sana ya kukwepa sentensi moja. Sikumwongeza chai.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika kikaoni. Kila mtu ana daftari mbele yake. Wanadhani naandika maoni.

Nimekwama, kama nilivyotaka! Kukunja peke yake dakika kumi na tisa. Jasho limenitoka, chaki imenivunjikia mara mbili, kengele imelia tukiwa katikati. Sijawahi kufurahia kushindwa namna ile. Nilimwangalia Kinda pale nyuma, nikaona mabega yake yanashuka taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kitu kimoja. Yule mwenye daftari lisilo na jalada alikunja nne, akakunjua. Akakunja nne tena, akakunjua. Akaizungusha karatasi kama bomba, akaibana, akaifungua — tatu! Zinalingana! Akaiinua juu ya kichwa. Kengele ikalia dakika hiyohiyo. Nadhani aliyemwona ni mimi peke yangu.

Sasa wanazungumza. Mama Pacha anasema, basi mambo yako wazi, kama hata yeye ameshindwa, ni darasa hilo. Zito. Mwalimu mkuu anaitikia kwa kichwa. Anasema hakuna haja ya kuwatesa, Tano B wapewe kanuni tu wakariri. Mambo ya kukunja na kubishana tuwaachie wenye uwezo, kama Tano A.

Wenye uwezo!

Sikulifikiria hili. Nilimfikiria Kinda, nikajifikiria mimi, wale arobaini na mmoja wa Tano B sikuwahesabu kabisa.

Na Kinda — Kinda naye anaitikia! Uso wake umekunjuka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Anasema, kumbe ni wao, si mimi. Anasema atawashusha, ataanza nao upya kwa mambo mepesi. Ndiye aliyesema waacheni wakosee. Ndiye!



Mwalimu mkuu kafungua daftari kubwa la kumbukumbu za shule. Anatamka huku anaandika: "Darasa la Tano B. Uelewa wa wanafunzi..."

Nimesema, mwalimu mkuu, usiandike hilo.

Kalamu imesimama. Mama Pacha kaweka kikombe chini. Kinda kanigeukia, bado anatabasamu. Wananitazama wote watatu na mimi nimeinama, naandika, naandika, na mwalimu mkuu anasema, haya mwalimu, acha daftari, tuambie. Naliacha, naanza na ile Alhamisi, kipindi cha michezo.