Mtamba wa Bizimana

Jumatatu, 2 Juni 2025
Siku kumi tu hukumu isomwe. Nashona, nafumua, nashona tena. Mguu wa kulia haukanyagi cherehani tangu lori la viazi la Bizimana liliporudi nyuma pale sokoni likanigonga — miaka miwili kasoro. Natumia wa kushoto, mishono inakwenda kombo. Fidia ikitoka nanunua cherehani ya umeme. Sitaki kingine. Mume wangu Karekezi, ukitaja mahakama tu, anakumbuka ana shughuli nje.

Alhamisi, 5 Juni
Wakili wangu, Kirezi, kapiga simu. Hukumu haisomwi tarehe kumi na mbili! Upande wa Bizimana wameleta ushahidi mpya, wanaomba kesi ifunguliwe upya. Nikamwambia, si ilishafungwa? Akasema ndiyo, lakini kabla ya hukumu hakimu anaweza kuifungua, mradi waeleze kwa nini wamechelewa, nasi tupewe nakala na muda wa kujibu. Ushahidi gani? Picha. Njoo uone mwenyewe, akasema.

Saa nane mchana. Nimeiona. Karekezi na koti lake la harusi, yuko Bugeshi kwa kaka yake, Nziza. Anapokea mtamba mwenye mimba kutoka kwa Bizimana. Amenyoosha mikono, anamshukuru kama ilivyo desturi. Kwa tarehe ya picha, mimi nilikuwa bado hospitalini.

Mtu akikupa ng'ombe ukapokea, mmeshakuwa ndugu. Humshitaki. Hilo hata mtoto analijua. Bizimana anasema alinyamaza kwa sababu aliyetoa ng'ombe hamtangazi. Alingoja sisi wenyewe tuone haya.

Na maziwa! Kila Jumamosi galoni kutoka Bugeshi, eti ya kwa Nziza. Mwaka mzima nakunywa. Nimetuma hata salamu za shukrani.

Ijumaa, 6 Juni
Karekezi kakiri. "Mutu anakuletea ng'ombe, mi nimufukuze?" Na nilipofungua kesi, mbona ulinyamaza? Akasema aliogopa ningetaka arudishwe. Ningetaka, ndiyo! Nina hasira mpaka sindano inanichoma.

Kirezi anasema mguu ni wangu, mume hawezi kusamehe kwa niaba yangu. Lakini kama nilijua nikanyamaza, hakimu anaweza kuona nilikubali. Wa kuthibitisha kwamba sikujua ni Karekezi. Nziza hapokei simu.

Jumapili, 8 Juni
Nje ya kanisa jirani yetu Mama Cyuzuzo kanisimamisha mbele ya watu. "Donatille, bon, we unashitaki mutu ulikunywa maziwa yake?" Nilipofika nyumbani ndipo majibu yalinijia, matatu kwa mpigo.

Sulaiman, tunayeshona naye kibaraza kimoja, anasema nimrudishe ng'ombe leo leo. Kirezi kakataa kabisa. Nikimrudisha sasa, itaonekana nilikuwa namjua siku zote.

Jumatano, 18 Juni
Kesho hakimu anatusikiliza kuhusu ile picha. Karekezi kaapa atasema kweli. Nikamuuliza, mbele ya Bizimana? Akasema mbele ya yeyote. Kisha akauliza kama ni lazima Bizimana awepo.

Alhamisi, 19 Juni
Mahakamani. Saa tano kasoro. Umeme umekatika, karani anaandika kwa kompyuta, kwa hiyo tunangoja. Naandika juu ya goti.

Hakimu ameikubali picha. Akaniuliza, ulijua? Nikasema hapana. Akauliza maziwa nilidhani ya nani. Nikasema ya shemeji yangu. Watu wa nyuma wakacheka. Mimi nisingecheka? Huenda ningecheka.

Anayefuata ni Karekezi. Alitoka nje kupata hewa, akamkuta Bizimana mlangoni. Nimewaona kupitia dirisha. Bizimana kamuuliza kitu, Karekezi kajibu huku ameinama, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama anavyomsalimu baba mkwe. Kirezi ananiambia nisiangalie huko.

Umeme umerudi. Karani anaita jina la mume wangu. Nimesogea apite akiingia, nafasi niliyomwekea kando yangu bado iko wazi. Amejibu kutoka nyuma. Amekaa benchi la Bizimana.