Nyumba ya Juu na Nyumba ya Bondeni

Baba,

Barua zako zote nilikuwa nakusomea mimi, na majibu niliandika mimi, wewe ukisema tu, "Weka salamu nyingi, halafu ufunge." Leo sina wa kuniambia nifunge wapi, kwa hiyo nivumilie. Nina wasiwasi, Baba. Tangu tukuzike chakula hakinishuki, na si kwa sababu ya kilio peke yake.

Wiki moja baada ya mazishi nyapara alikuja mlangoni. Hakuingia. Alisimama hapo nje akizungusha kofia mikononi, akasema bwana mkubwa anatupa pole, lakini nyumba za laini ni za watu walioandikwa kazi, na jina lako limeshafutwa kitabuni. Mama ana ruhusa ya kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Miaka kumi na minane uliamka saa kumi za alfajiri kukamua ng'ombe wa mzungu, umande umeganda kuwa sakitu kwenye nyasi, halafu jina linafutwa kwa wiki moja! Nilitaka kumjibu, unaujua mdomo wangu. Mama alinivuta gauni nikarudi ndani.

Baba Mdogo, aliyekuja kukuzika, alikuwa hajarudi kwake Maragoli bado. Yeye aliona jambo ni jepesi: Mama apande naye gari la moshi akakae kwake, mimi nibaki Molo na cherehani yangu. Aliyasema hayo mbele ya wazee kama mtu anayegawa viazi. Ni baadaye, tukiosha sufuria, ndipo aliponiambia polepole, "Rebeka, huko nitakuwa mgeni mpaka nife. Nitafutie mahali hapahapa."

Basi nikamwambia Baba Mdogo kwamba tunanunua nyumba Molo. Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akasema atarudi mwisho wa mwezi, na asipoona ufunguo mkononi mwangu atamchukua shemeji yake, maneno yaishe. Akaondoka. Na mimi nikabaki na akiba yangu ya kushona na kazi ya kuchagua nyumba, mimi ambaye sijawahi kununua hata kuku bila kukuuliza.

Kila mchana niliiacha cherehani kwenye baraza ya duka nikaenda lokesheni, kwenye nyumba za Waafrika. Unajua kule hakuna anayeuza udongo. Kiwanja ni cha kaunsili ya mji, wewe unanunua kilichosimama juu yake. Ulinifundisha niulize kwanza mbao ni za nani, nijibiwe, halafu ndipo niulize mabati ni ya nani. Haki ya Mungu, nilisahau swali la pili. Mzee mmoja mpole alinizungusha ndani ya nyumba yake, akanionyesha nguzo na dirisha, tukaelewana, tumebakiza kushikana mikono tu. Mama mmoja jirani akaniuliza kwa juu ya ua kama paa langu nakuja nalo lini. Kumbe mabati ni ya shemeji ya huyo mzee, yuko Elburgon, na Jumamosi anakuja na lori kuyachukua! Nilicheka njia nzima mpaka dukani. Nilipofika nikakaa kwenye cherehani nikahesabu siku, maana zilikuwa zinakwisha.

Kulikuwa na nyumba nyingine, mlango wake umepigiliwa mbao. Ilikuwa ya watu waliopakiwa kwenye lori na serikali mwaka ule wa Hali ya Hatari. Bei yake ilikuwa ya kutupa. Sikuingia, Baba, maana wenyewe bado wanaweza kurudi.

Zikabaki mbili. Ya juu, karibu na stesheni, ni ya mama mjane anayehamia kwa mwanawe Njoro. Kuta za mbao za mtarakwa, sakafu ya mbao, mabati yake mwenyewe, na mlango umeupa upepo mgongo. Ila imebanwa na majirani pande zote, huna pa kupanda hata kitunguu kimoja. Ya bondeni iko karibu na mto. Kuta ni za mabanzi ya mbao, paa ni madebe yaliyopondwa, chini ni udongo, na ukungu hauondoki pale mpaka saa nne. Nyuma yake kuna kipande kirefu cha kulima, kimejaa magugu.

Mimi hata sikufikiri mara mbili. Nilingoja mvua, kama ulivyokuwa ukisema nyumba itazamwe, nikaenda ile ya juu. Nilipapasa kuta zote kwa kiganja. Nilifunga mlango nikasikiliza kama upepo unapiga mluzi. Niliikagua ile pembe iliyo karibu na moto, nikaona kigoda kitaenea, na mtu akiegemea ukuta mgongo hautapata baridi. Pakavu kabisa. Nikashuka bondeni, nikagusa ukuta, mkono ukatoka umelowa, na papo hapo nikasikia kikohozi chako, kile cha alfajiri kilichokuwa kinakukunja mpaka unashika mlango. Nilipanda mlima nikikimbia, nikamwambia yule mjane tunaichukua, Jumatatu tuandikiane mbele ya karani wa kaunsili.

Jumapili baada ya kanisa nilimpeleka Mama akaone. Aliingia, akatoka, akasema ni nzuri. Alivyosema nzuri, ungedhani anasifu nguo ya mtu mwingine. Halafu akaomba aione na ile nyingine. Nilichukia, lakini nikampeleka. Kufika bondeni, hata ndani hakuingia. Alizunguka nyuma moja kwa moja, akapandisha gauni lake la kanisani mpaka magotini, akainama, akaanza kung'oa magugu ya watu! Nilimngoja, nikamngoja tena, ukungu ukaanza kushuka, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, tutoke hapa," nikamwambia. "Ukungu huu haufai kifua."

Aliinuka, magugu mkononi, akanitazama.

"Kifua cha nani?" akaniuliza. "Mwenye kifua tumemzika."

Nilikasirika, Baba. Nilitaka kumwambia ana moyo mgumu. Badala yake nilijiona mimi mwenyewe nikipapasa kuta kwenye mvua, nikipima pembe ya kigoda. Kigoda cha nani? Mwezi mzima nilikuwa nakutafutia wewe nyumba. Nilikaa chini kwenye tope na nguo zangu za Jumapili nikalia kama siku ile ya mazishi. Mama hakunibembeleza. Aliendelea kung'oa, na huku akinieleza, bila uchungu wowote, kwamba miaka yote hiyo amelala upande wa mlangoni ili wewe ulale ndani, amelinda moto usizimike, na kila ulipopata nafuu alimshukuru Mungu, hakuona taabu. Lakini sasa anataka kulima, alisema, na akifa afie kwenye mahindi yake.

Jumatatu nilienda kwa yule mjane kuvunja neno langu. Alinitukana mbele ya watu, akasema mafundi cherehani tuna ndimi kama mikasi, na nilistahili. Kisha nikashuka bondeni. Niliuliza mabanzi ni ya nani, nikajibiwa. Niliuliza madebe ni ya nani, nikajibiwa. Nikawauliza majirani kama mto huwa unafurika masika, nikauliza tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka wakawa wakiniona wanajifanya wanatafuta kuni. Mmoja anasema haufuriki. Mwingine anasema ulifurika mara moja, zamani. Mwishowe nikaweka sahihi kwa karani.

Baba Mdogo alikuja kama alivyosema. Nilimpa ufunguo aushike. Alizunguka nyumba yote, akagonga madebe kwa fimbo, akasema hili ni zizi. Halafu akanirudishia ufunguo, akapanda gari la moshi peke yake.

Tumeshahama. Mama amepanda viazi mistari minne na kabichi, na mikono yake imepasuka, na jana nilimsikia anaimba. Mimi bado naogopa. Mvua ikinyesha nakwenda kutazama mto. Mama akipiga chafya moja tu, naacha sindano nakimbia. Nyapara ananiruhusu kupita shambani kwa mzungu Jumapili, kwa hiyo kaburi lako ni safi, usiwe na shaka.

Lakini nikuambie ukweli, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Hapa hungeweza kuishi, Baba. Ungekaa siku mbili ungekohoa damu. Nimeinunua nikijua hivyo, nikaweka sahihi, na nilipogeuza ufunguo mara ya kwanza nilihisi kama nakufungia nje. Nisamehe. Mama nitamtunza, hilo nakuahidi na ni jepesi. La pili ni gumu, lakini nalo nakuahidi: sitakutafutia nyumba tena.

Pumzika, Baba.

Mimi mwanao,
Rebeka