Baba Mkwe kwa Miguu Minne

Shoga, nakufa kwa kicheko na aibu!

Baba mkwe wangu, yule anayesema kila siku mahali pa mbwa ni getini? Nimemkuta sebuleni anatambaa. ANATAMBAA, shoga!

Si unakumbuka mbwa wetu Bosi alivyoteguka pingili ya mgongo, miguu ya nyuma ikafa ganzi? Daktari alisema tumpitishie taulo tumboni, tumfundishe kutembea upya. Basi mzee kachukua mtandio wangu wa harusi, kamshikilia nao, anatambaa ubavuni mwake:

"Tazama. Mguu huu, halafu huu. Usiogope, babu yupo."

Babu!! Mbwa kapata babu!

Funguo zikanidondoka. Tukatazamana, mimi na mkwe wangu, yeye kapiga magoti. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye kwa kushtuka akauachia mtandio.

Na Bosi hakuanguka!! Akaja kwangu hatua tatu, anayumba kama mlevi, mkia unapepea. Nikaangua kilio.

Mzee akainuka, akajikung'uta magoti, akafuta macho haraka. Kisha kwa ukali wake uleule:

"Mahali pake ni getini. Sasa atafikaje huko bila kutembea?"