Baba, Mashine ya Kufungia Risasi Imenishinda Kuchagua

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini mkono haukubali kuanza vyengine.

Nimechoka, baba. Na kilichonichosha safari hii si baridi ya huku Marekani wala zamu za kiwanda cha kuku. Ni mashine ya kufungia risasi. Nataka kununua moja tu, niiweke chumba cha chini cha nyumba, nijaze mwenyewe risasi za marisau za kwendea kuwinda. Huku sheria inaruhusu mtu kufanya hivyo nyumbani kwake, na dukani risasi zinaadimika kila msimu ukianza. Wewe ulifunga risasi umri wako wote kwa kijiti cha mpera, na mimi mwezi mzima nahangaika na picha za vyuma kwenye simu, sijui kipi nichukue.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa pale barazani kwetu Makunduchi? Bunduki yako ya kibali iko ndani, wewe umetandika gunia, maganda ya shaba umeyapanga kushoto, baruti iko kwenye kopo mbali na jiko la mama. Ulikuwa na kipimo kidogo ulichokikata kwenye ganda kuukuu. Ulitia baruti kwa kipimo hicho, ukasema "Bismillahi" kwa sauti, ukatia kizibo cha boksi, ukashindilia kwa kile kijiti, ukamimina zile punje za marisau, ukaziba kwa nta. Bismillahi moja, baruti moja. Na risasi hiyo ukaiweka kulia kabla hujagusa ganda jengine. Nilidhani ni kwa ajili ya paa utakayempiga, aliwe halali. Wewe ukaniambia, "Kwa paa nitaisema tena huko porini. Hii ya hapa ni ya kujua kama nshatia."

Mama alikuwa akisuka ukili pembeni yako na kukuchokoza. "Baba Haji, mkeka wangu utakwisha kabla ya risasi zako."

"Wewe ukikosea unafumua," ulimjibu, wala hukuinua kichwa.

Na siku ile tulipokwenda Mjini kufuata baruti, yule Muhindi wa Mkunazini akakutolea kimashine kidogo cha chuma kutoka kabatini, akakipangusa vumbi. "Mzee Vuai, chukua hiki. Kazi yako ya siku nzima utaimaliza kabla ya adhuhuri." Ukakigeuza, ukakivuta mkono mara mbili tatu, ukamrudishia. "Na adhuhuri mpaka magharibi nifanye nini?" Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikasirika njia nzima ya kurudi, maana nilikitaka kile kimashine nikichezee.

Sasa ninavyo vya kuchezea mpaka kichwa kinauma. Nikufahamishe kama nilivyofahamishwa mimi. Ziko mashine za aina mbili. Ya kwanza ukivuta mkono inafanya kazi moja tu. Unapachika fataki ya kuwashia baruti kwenye maganda yote, kisha unabadilisha kifaa, unatia baruti kwenye maganda yote, na kadhalika mpaka mwisho. Ya pili ni ya mfululizo. Ina sahani ya mviringo, maganda yamekaa duara. Ukivuta mkono mara moja, hapa fataki inaingia, pale baruti inamwagika, kwengine kizibo, kwengine marisau, na la mwisho linafungwa mdomo. Unaizungusha sahani hatua moja, unavuta tena. Kila mvuto risasi kamili inadondoka.

Nimewauliza watu kwenye mtandao. Mmoja anaapa kwamba mwenye akili hanunui ila ya mfululizo. Wa pili anamwambia wa kwanza ni mpumbavu na atajilipua. Wa tatu anawatukana wote wawili kisha anataja mashine nyengine ambayo haiuzwi tena. Mimi skuli niliishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha kiwandani. Nasoma mistari kumi ya matusi ili nipate mmoja wa maana.

Ndipo mwenzangu wa zamu, mzee Wolta, aliponiita bandani kwake nikaijaribu yake, ya mfululizo. Anajua bega langu la kulia limeharibika kwa kutundika kuku.

"Haji, uvute mkono mara tano kwa risasi moja? Wewe punda?"

"Punda anapumzishwa," nikamwambia.

Akacheka, akaniachia mashine, yeye akaenda kupanga risasi zilizokwisha kwenye maboksi. Na kweli, baba, ilikuwa raha. Mkono unashuka, risasi inatoka. Bega halikulalamika. Nilikuwa nasema bismillahi kila nikivuta, kama ulivyonizoesha, lakini nikaona haina pa kukaa. Baruti inamwagika upande wa kushoto wakati jicho langu liko kwenye kizibo kulia. Wewe ulikuwa ukiisema juu ya ganda unaloliona. Mimi nilikuwa naisema juu ya mkono wa chuma.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Baba Rukia, uko wapi? Wageni washafika, mie nnapika peke yangu?"

"Nnakuja."

"Unakuja tangu asubuhi!"

Nikakata. Nikashika tena mkono wa mashine, nikasita. Nshasema bismillahi au sijasema? Sikujisikia nimesema. Sahani je, nshaizungusha? Sikumbuki. Kwako jambo hili lilikuwa jepesi, ukitia shaka unamwaga, unaanza upya. Lakini pale lilikuwapo duara zima la maganda yaliyofika nusu, na Wolta yuko nyuma yangu, nami nikaona haya kusimamisha kazi. Basi nikasema bismillahi, nikavuta. Kwa sababu sikuisikia ya kwanza, nikaitoa ya pili, na baruti ikafuatana nayo, ya pili ndani ya ganda lilelile.

Nikaendelea, mvuto baada ya mvuto. Kisha shaka ikanizidi, nikauachia mkono wa mashine. Nikamwita Wolta, nikamwambia. Hakunicheka. Alichukua kisu akakata risasi zote nilizofunga tangu simu ilipolia, moja moja, akimimina juu ya karatasi. Moja ilitoka na baruti maradufu.

"Hii ingekupasulia mtutu usoni," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini mashine haina kosa. Kosa la anayevuta."

Hapo ndipo nilipochemka, baba. Bila shaka kosa la anayevuta! Na anayevuta ni mimi, ninayetoka zamu nikiwa nimelala huku macho yako wazi. Wiki nzima mkanda wa kiwandani ndio unaoniendesha. Kuku anakuja, mkono unakwenda, akili iko Makunduchi. Wanaoisifu ile mashine wanazungumzia mtu aliyelala usiku wake wote, asiyepigiwa simu, asiye na bega bovu. Mtu huyo simjui. Mkono huu wa kulia unalisha nyumba mbili, hii yangu na ile alimobaki mama. Ukiondoka mkono huo, au jicho, hakuna atakayenipokea zamu.

Na wewe pia nakulaumu kidogo. Ulinifundisha kutia baruti, hukuniambia kwamba itafika siku nitakuwa mchovu kuliko wewe, na mwenye haraka kuliko wewe, kwa wakati mmoja.

Basi nimeagiza ile ya kwanza, ya kazi moja kwa mvuto mmoja. Nitayatia maganda yote baruti, nitayasimamisha kwenye ubao, nitayamulika kwa tochi niyatazame ndani kabla ya kizibo. Wolta amenuna, anasema nitazeeka sijamaliza boksi. Mke wangu nilimweleza yote, hata lile la simu. Akasema, "Hiyo ya taratibu italala humu ndani. Ile nyengine ingelilala humu, mie ningelilala kwengine." Na tangu siku hiyo hanipigii nikiwa na baruti kwa Wolta, ananitumia tu alama ya hasira.

Bega litaniuma, nalijua. Nitalalamika sana, na wote humu ndani watanichoka. Lakini leo nimekuandikia kwa mkono huohuo wa kulia, vidole vyote vipo, na maandishi yangu mabaya nayasoma kwa macho mawili.

Mungu akulaze pema, baba.

Mwanao wa Makunduchi, aliye mbali,
Haji