Maji Baridi ya Mama Masika

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mwezi wa kumi, na joto la Lubumbashi limefika pale ambapo hata mbwa wa Katuba hawana nguvu ya kubweka. Mawingu yamekusanyika upande wa Karavia tangu mchana na yanatutazama tu. Mvua ya kwanza bado.

Nina hasira. Hapana, niandike ukweli. Nimeumia, na hasira ndiyo inayonisaidia nisilie mbele ya mashini yangu ya kushona.

Blogu hii inasomwa na wateja wangu wachache, dada yangu wa Likasi, na binti yangu Nadège, ambaye huisoma kabla sijamaliza kurekebisha makosa. Leo sirekebishi kitu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mshonaji, nina kibanda mbele ya nyumba yangu hapa Katuba. Nimekuwa mjane miaka sita. Nadège anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na kwetu wanaooana hawasimami peke yao kanisani. Lazima wawe na parrain na marraine, mume na mke ambao ndoa yao imekomaa, watakaosimama nao siku ile na kuwapatanisha maisha yote wakigombana. Mimi sikuhangaika kutafuta. Nilisema Mama Masika na mume wake, na Nadège akafurahi.

Mama Masika alifika hapa kutoka Butembo miaka kumi na moja iliyopita, na mabelo mawili, yale marobota makubwa, ya vikwembe, vitambaa vya maua tunavyoshonea magauni, na mume mwenye malaria. Alikuwa hajui wanawake wa huku wanapenda nini. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia asilete kikwembe chenye ua kubwa katikati, maana nikikikata lile ua linaangukia tumboni na mteja anadhani ninamcheka. Nilimpelekea wateja wangu mmoja mmoja, nimewashika mkono. Leo ana duka kubwa mjini na lingine Sakania, karibu na mpaka. Na mume wangu alipofariki, alifunga duka siku tatu akalala kwenye mkeka wangu pamoja na wanawake wa kilio. Hilo sitalifuta hata leo.

Dada. Hivyo ndivyo tulivyoitana.

Sasa, mimi si mtoto katika mambo ya bei. Mji huu una vituko vyake. Muuza unga atakujazia meka, kile kibakuli cha kupimia, mpaka kilima kisimame juu, halafu kiwiko chake kitapita kama bahati mbaya na kilima kitarudi kwenye gunia. Muuza simu hutaja dola ukivaa viatu vya kufunika, na franga ukivaa ndala. Kuna mama wa nyanya aliyekataa kuniuzia beseni zima asubuhi eti nikichukua zote, atashinda sokoni akifanya nini? Na kuna jirani yangu Mama Agnès, muuza makala, makaa ya kupikia, ambaye yeye na mume wake mlango wao unatazamana na wangu. Tunagombana kila wiki. Jumatatu nilimwomba aongeze makala mawili juu ya debe, akapiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani.

"Mama Nadège, we uko mubaya sana! Unataka nifunge biashara?"

Akaongeza moja. Nikanuna. Jioni akatuma moto kwenye kipande cha bati kwa sababu aliona jiko langu halijawaka.

Na mimi pia nina vituko vyangu, wacha nikiri. Mteja akishuka kwenye gari, mita yangu ya kupimia hupata uzito wa ajabu na ushonaji wake unakuwa mgumu zaidi. Nimewahi kutaja bei nikiangalia mkoba wa mtu. Kwa hiyo sikuamka leo nikagundua kwamba wafanyabiashara si malaika.

Lakini asubuhi alikuja Fifi.

Fifi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sikuwa namjua. Alitumwa kwangu na mteja mwingine, anataka gauni la ubatizo wa mtoto wake. Anapenda kusema. Nikimpima mabega alinieleza kwamba ameacha kazi Sakania mwezi uliopita, alikuwa anauza vikwembe katika duka la mama mmoja wa Butembo mwenye duka lingine mjini hapa. Sikusema kwamba namjua huyo mama. Nilifurahi moyoni, nikawaza, leo nitasikia sifa za dada yangu kutoka kwa mtu asiyejua kwamba ni dada yangu.

"Mama, nikuulize kitu?" akasema. "Kule ku Sakania tulikuwa na devinette ya mu magasin. Nani anakunywaka maji ya bure, halafu analipa bei kupita bantu bote?"

Napenda vitendawili. Nilijibu: mtu wa kodi. Akacheka, akasema wale hawalipi. Nikajibu: padri. Hapana. Nikajibu: mke mdogo wa tajiri. Akasema nimekaribia kidogo.

"Njo ile muntu hajue kubishana," akasema. "Patronne akimuona anaingia, anasema, 'Muletee mama maji.' Donc sisi tunajua: kwa huyu, bei ya juu. Kama hajasema maji, bei ya kawaida. Banakunywa, banafurahi, banalipa. Hata hapa mjini iko vile vile, njo yeye mwenyewe alitufundisha."

Alicheka mpaka mita ikamtoka kiunoni. Na mimi nilicheka. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Maana mimi nanywa maji katika duka lile kila ninapokwenda. Maji ya sachet, kile kifuko cha plastiki unachotoboa kwa meno, baridi, yametoka kwenye friji ndogo iliyo nyuma ya mafurushi. Nikikanyaga tu kizingiti, Mama Masika huinua kichwa na kusema, "Muletee Mama Nadège maji." Niliwahi kuwaambia watu kwenye kwaya. Niliwaambia: nendeni pale mjini mkaone jinsi ninavyopokelewa.

Nilijisifia.

Nilimaliza kumpima Fifi, nikaandika namba zake, nikafunga kibanda. Nilijiambia huenda ni maneno ya mtu aliyeacha kazi kwa ugomvi. Watu wakiachana na bosi wao husema mengi. Nikaenda mjini. Hata hivyo nilikuwa na sababu ya kwenda, maana nilitakiwa kuchukua vikwembe vya sare ya harusi kwa ajili ya mashangazi na binamu wote.

Nilikanyaga kizingiti. Mama Masika akainua kichwa, akanikumbatia, akauliza habari za Nadège, na kabla sijajibu akageukia nyuma.

"Muletee Mama Nadège maji."

Yalikuja. Sachet ilikuwa inatoka jasho. Mimi nilikuwa nimekaa saa nzima kwenye jua nikingoja basi, koo langu limekauka kabisa. Nikaiweka juu ya meza ya kukatia, sikuitoboa. Niliuliza bei ya kile kikwembe cha buluu chenye majani ya dhahabu. Akasema dola ishirini na mbili kwa kipande, akaongeza, kama kawaida yake, "Juu yako, dada," yaani bei hiyo ni kwa ajili yangu tu.

Ni bei ninayoijua. Ndiyo bei ninayolipa. Kila mara nalipa bila kusema neno, kwa sababu naona aibu kubishana na mtu wangu.

Nikasema, "Asante, lakini leo sina kiu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, makali na ya heshima, kama ya wakili. Sikuyatumia hata moja. Mama Masika aliitazama ile sachet. Akanitazama mimi. Halafu akanyoosha kikwembe kwa kiganja, polepole, akasema kwa sauti ile ile ya siku zote:

"Kumi na sita. Chukua kwa kumi na sita."

Basi. Hapakuwa na ugomvi. Sikuomba punguzo, sikunung'unika, sikutaja jina la Fifi. Bei ilishuka yenyewe, kwa sababu ilikuwa iko pale chini miaka yote ikinisubiri.

Mwezi wa kumi, Lubumbashi, saa nane mchana, mtu ametoka jua kali hadi midomo imepasuka, anasema hana kiu. Dada angeuliza, "Uko mugonjwa?" Angeniwekea mkono kwenye paji la uso. Kama angeniuliza hivyo tu, nadhani ningekunywa yale maji na kulipa ishirini na mbili, na usiku wa leo ningekuwa namtetea mbele ya moyo wangu. Yeye alinipunguzia bei.

Na nilinunua. Hilo nalo niliandike, maana nimeahidi ukweli. Nilinunua vyote kwa kumi na sita, nikamshukuru, akanisaidia kufunga furushi. Tulibusiana mashavu. Wakati wote huo yeye alikuwa haniangalii.

Ndani ya basi, furushi magotini, nilianza kuuliza swali ambalo sikupaswa kuuliza. Maji yale yalianza lini?

Kwa sababu hayakuwepo mwanzoni. Miaka ya kwanza, tulikuwa tunakaa juu ya mabelo tukinywa chai kwenye kikombe kimoja, na nilikuwa nabishana naye mpaka anatupa kikwembe chini na kusema nimemuua. Nilikuwa mbishi kweli. Nilikuwa nasimama mlangoni nikijifanya naondoka, naye ananiita, narudi, tunacheka. Hakuna aliyeniletea maji siku zile.

Nilipita karibu vituo vitatu bila kukumbuka. Halafu nikakumbuka, na afadhali nisingekumbuka.

Ilikuwa mara ya kwanza kurudi dukani kwake baada ya kilio cha mume wangu. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi. Kulikuwa na mteja aliyetaka gauni na mimi nilihitaji kazi, nikajikokota mpaka mjini. Sikuwa na nguvu hata ya kuinua uso. Alitaja bei na mimi nikaitikia tu kwa kichwa, kwa sababu siku zile niliitikia kila kitu kwa kichwa. Mara iliyofuata nilipoingia, nikiwa bado na nguo zile zile nyeusi, alisema kwa mara ya kwanza, "Muletee Mama Nadège maji."

Nilidhani ni huruma. Nilirudi nyumbani nikalia kwa shukrani. Nilimwambia Nadège, unaona, Mungu akichukua mume anaacha dada.

Mtu aliyelala kwenye mkeka wangu aliniangalia nikiwa nimevunjika, akaona mteja ambaye hatabishana tena. Labda aliona vyote viwili. Labda mkono ulionifunika blanketi na mkono uliopandisha bei ulikuwa mkono wa mtu mmoja ambaye hakuona tofauti. Nimejaribu kumwelewa hivyo tangu nilipoteremka kwenye basi. Nimeshindwa, na sijui kama kesho nitaweza.

Lakini kuna jambo moja najua. Marraine ni mtu ambaye mtoto wako atamkimbilia siku ndoa imemlemea, akiwa ameinamisha kichwa, hana nguvu ya kubishana. Nataka mtu ambaye akimwona hivyo atafanya nini?

Nadège, ukisoma hapa, ni wewe sasa.

Jioni hii umeniuliza kama marraine amekubali tarehe, na mimi nikasema nina kiu, niletee maji. Ulichota kwenye ndoo, kikombe cha bati, maji ya uvuguvugu. Nilikunywa chote, wewe ukanitazama kwa mshangao, ukauliza, "Mama, uko mugonjwa?"

Siumwi, mwanangu.

Kesho asubuhi, kabla sijagusa mkasi, nitavuka njia niende kwa Mama Agnès na mume wake. Najua utasema, yule wa makala? Yule tunayegombana naye kila Jumatatu? Ndiye huyo. Nitawaomba wasimame nanyi kanisani. Na kama ninavyomjua, kabla hajasema ndiyo atapiga kelele kuhusu nguo atakayovaa, na nani atalipa ushonaji, na kwa nini buluu. Nami nitabishana naye mpaka jua lipande.